Kanisa Kuu la Mkunazini: Usitoke Kabla ya Kutazama Juu

Wageni wengi wanaofika Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, huwa wamekwisha kuambiwa watakachokiona: soko la watumwa. Hilo ndilo jina linaloandikwa katika ratiba za matembezi, na ndilo linalotajwa kwanza mtu anapoelekezwa langoni. Kwamba ndani ya ua huo limesimama Kanisa Kuu la Kristo, kanisa mama la Dayosisi ya Zanzibar ya Kanisa Anglikana Tanzania, na kwamba kanisa hilo ni miongoni mwa majengo yaliyothubutu zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki ya karne ya 19, ni habari inayokuja mwishoni, kama nyongeza. Tathmini hii inahusu eneo lote wanalotembelea wageni, yaani maonesho, sanamu za ukumbusho, vyumba vya chini ya ardhi na kanisa lenyewe. Niseme mapema, hata hivyo, kwamba kwa maoni yangu mambo hayo manne hayana uzito sawa, na kwamba mazoea ya kuharakia vyumbani na kulimaliza kanisa kwa mtazamo mmoja yanamnyima mgeni sehemu iliyo bora kuliko zote.

Soko la Mkunazini ndilo lililokuwa soko la mwisho la wazi la watumwa mjini Zanzibar. Katika miongo iliyotangulia kufungwa kwake, biashara hiyo ilikua sambamba na mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yaliyostawi tangu enzi za Seyyid Said, na ilichochewa pia na mahitaji ya mashamba ya miwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi pamoja na nchi za Ghuba. Watu waliotekwa au kuuzwa katika nchi za Ziwa Nyasa na bara walishushwa Kilwa na Bagamoyo, kisha wakavushwa kwa majahazi. Tarehe 5 Juni 1873, baada ya shinikizo la Uingereza lililoanzishwa na mjumbe wake, Sir Bartle Frere, na kuendelezwa na balozi John Kirk, likiwamo tishio la kukizingira kisiwa kwa manowari, Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao.

Hapo pana jambo ambalo maelezo ya haraka hulipita, nalo ndilo linaloyapa mawe ya kanisa hili maana yake. Mkataba wa 1873 haukumkomboa mtumwa aliyekuwa tayari kisiwani. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Kwa hiyo kuta za kanisa zilipokuwa zikipanda, mitaani kuzunguka ujenzi huo walikuwamo bado watu waliomilikiwa na watu wengine. Anayelitazama kanisa kama mnara wa ushindi uliojengwa baada ya vita kwisha atakuwa amelisoma vibaya; lilijengwa wakati mambo yakiwa nusu njia.

Waliolijenga walikuwa wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyofahamika zaidi kwa herufi UMCA. Chimbuko lake ni hotuba aliyoitoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Jaribio la kwanza la misheni hiyo, katika nyanda za mto Shire, Malawi ya leo, liliishia msibani: askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki kwa homa mwanzoni mwa mwaka 1862. Mrithi wake, William Tozer, aliamua kurudi nyuma na mwaka 1864 akaihamishia misheni Zanzibar, uamuzi uliomuudhi sana Livingstone mwenyewe, aliyeuona kuwa ni kukimbia bara. Pamoja na Tozer alikuja kasisi Mwingereza aitwaye Edward Steere, mzaliwa wa London wa mwaka 1828 aliyekuwa amesomea sheria kabla ya kupewa daraja la ukasisi. Wasomaji wa Kiswahili wanamdai na kudaiwa mengi na mtu huyu. Sarufi yake ya mwaka 1870 na tafsiri zake za Agano Jipya na za kitabu cha sala ziliandikwa katika Kiunguja, na zimo katika sababu zilizofanya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uichague lahaja hiyo kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Soko lilipofungwa, uwanja wake ulinunuliwa kwa ajili ya misheni na kasisi Arthur West, na sehemu nyingine ya ardhi jirani ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo wa 1873. Livingstone, ambaye hotuba yake ndiyo iliyoizaa misheni, alikuwa amefariki tarehe 1 Mei katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, wiki tano tu kabla ya soko kufungwa. Steere alisimikwa uaskofu mwaka 1874, na tangu hapo kanisa likawa kazi yake kwa kila hali: aliisimamia, aliibadilisha ramani, na aliwafundisha mafundi mambo ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajapata kuyafanya.

Sasa tuingie ndani, na tuanze na dari. Ili mtu aone ukubwa wa alichokifanya Steere, hana budi kwanza aingie katika nyumba yoyote ya kawaida ya Mji Mkongwe. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, nene kiasi cha kuweka madaka ndani yake. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko zilizopangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti ndiyo inayoamua upana wa chumba. Kwa kuwa mti wa mkoko unaofaa kubeba sakafu nzito ya mawe na chokaa hauvuki kwa urahisi meta 2.5 au 3, vyumba vya Unguja, hata vya matajiri, ni virefu na vyembamba, na anayetaka ukumbi mpana hulazimika kusimamisha safu ya nguzo katikati, kama inavyoonekana katika misikiti mingi ya pwani. Nguzo hizo hazina ubaya wowote msikitini, ambako watu husali kwa safu zinazokwenda kwa upana; lakini katika kanisa ambalo macho yote yanapaswa kufika madhabahuni, kila nguzo ya katikati ni kizuizi.

Steere alitaka ukumbi wa zaidi ya meta 8 usio na nguzo hata moja katikati. Angeweza kuagiza mbao nene kutoka ng'ambo na kuezeka kama inavyoezekwa kanisa la Uingereza, kisha kuwaachia mchwa na unyevu wa pwani wamalize kazi. Badala yake alichagua tao: dari lililopindwa juu ya ukumbi wote, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kama nusu ya pipa lililolazwa. Nalo halikujengwa kwa mawe ya kuchonga yaliyopangwa moja moja, bali kwa zege la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji ya Portland iliyoletwa kwa meli. Kwa miaka ya 1870, na mahali ambapo fundi wa kawaida alikuwa na chokaa ya kuchomwa tu, hayo yalikuwa majaribio katika maana kamili ya neno. Inasimuliwa kwamba mjini hapakukosekana watu waliosema wazi kuwa dari lile lingeanguka.

Hofu yao ilikuwa na msingi. Tao halibebi uzito kwa kushuka chini moja kwa moja. Husukuma pia kwenda nje, na msukumo huo lazima upokewe na kuta. Ukuta mwembamba hufunguka taratibu, tao hupasuka utosini, na siku moja kila kitu hushuka. Zaidi ya hayo, zege likiwa bado bichi halina nguvu yoyote. Lazima lishikiliwe kwa mbao zilizofuata umbo la tao hadi likauke, na mbao zikiondolewa mapema au bila mpangilio, dari halitasamehe. Leo, karibu karne moja na nusu baadaye, mgeni akisimama katikati ya ukumbi na kuinua kichwa anaona matokeo: uso mmoja uliopinda bila kukatizwa na boriti, bila mlingoti, bila nguzo, na chini yake sauti ya mtu mmoja inayofika kila pembe. Dari hilo halikuokoka bila gharama. Mwaka 2014 taasisi ya World Monuments Fund iliweka kanisa na eneo la soko katika orodha yake ya urithi unaohitaji kuangaliwa duniani, na miaka iliyofuata ilishuhudia ukarabati mkubwa wa jengo pamoja na kufunguliwa kwa maonesho mapya. Lakini kwamba palikuwa na kitu cha kukarabati ndilo jibu la kutosha kwa waliotabiri kuanguka kwake.

Kwa mtindo, wengi huliita kanisa hili mchanganyiko wa Kigothi na wa Kiarabu, maelezo ambayo ni sahihi ila yanaweza kumfanya mtu atarajie mapambo mengi kuliko yaliyopo. Matao ya madirisha yamechongoka juu, umbo ambalo Mwingereza huliona kuwa la kanisa la kale na mtu wa pwani huliona kuwa la msikiti, na wote wawili wana haki. Kuta ni za matumbawe, nzito na tulivu. Upande wa mashariki jengo linamalizikia katika nusu duara, ndani yake ikiwa madhabahu iliyoinuliwa kwa ngazi. Kwa jicho langu, uzuri wa ukumbi huu umo katika uwiano wake kuliko katika kitu chochote kilichoning'inizwa ukutani, na sehemu dhaifu ni ile ya nyuma karibu na mlango wa magharibi, ambako vitu vingi vimesongamana na dari halipati nafasi ya kuonekana.

Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyekundu lililozungukwa na marumaru nyeupe. Kwa mapokeo ya kanisa, hapo ndipo palipokuwa na nguzo au mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko, ili ustahimilivu wao upimwe mbele ya wanunuzi. Wekundu huo ni ukumbusho wa damu. Kama mahali hasa palipimwa au palikisiwa, hilo halibadilishi uamuzi wa msanifu, ambao ni wa makusudi na wa wazi: sehemu takatifu kuliko zote za jengo imewekwa juu ya sehemu ya aibu kuliko zote za uwanja, na kila anayekwenda kupokea Meza ya Bwana lazima apite mbele yake. Sijui jengo jingine katika ukanda wetu ambalo ramani yake yenyewe inatoa hoja kwa uwazi wa namna hiyo.

Nyuma ya madhabahu amezikwa Steere mwenyewe, aliyefariki ghafla mwezi Agosti 1882. Karibu naye kuna kiti cha askofu na viti 12 vya makanoni, yaani makasisi wa baraza la kanisa kuu, vilivyopambwa kwa vipande vya shaba vyenye majina ya watu wa Biblia kwa Kiswahili. Ninamshauri mgeni azisogelee shaba hizo na kuzisoma moja baada ya nyingine, kwa sababu ni nadra kukuta kanisa la wamishonari wa zama hizo ambalo viti vya wakubwa wake vimeandikwa kwa lugha ya waumini badala ya Kilatini au Kiingereza. Dirisha la nyuma ya madhabahu nalo lina watakatifu wa Afrika: wa Misri, wa Karthago, wa Ethiopia. Mapambo ya vijiwe vya rangi madhabahuni yalitolewa na Caroline Thackeray, mwalimu aliyeitumikia misheni hapa kwa miaka mingi, binamu wa mwandishi wa riwaya wa Kiingereza mwenye jina hilo la ukoo.

Karibu na mimbari kuna msalaba mdogo wa mbao ambao wageni wengi hupigiwa kidole, na kwa haki. Inaelezwa kwamba ulichongwa kwa mbao za mti ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa Chitambo, kabla ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, ukavuka kuja Zanzibar na hatimaye ukazikwa Westminster Abbey mwezi Aprili 1874. Livingstone ana pia dirisha lake la vioo vya rangi. Mimi ningependa mgeni anayesimama mbele ya msalaba ule awafikirie zaidi waliobeba kuliko aliyebebwa. James Chuma aliendelea kufanya kazi na misheni, akaongoza misafara ya Steere kwenda bara, na akafariki hapahapa Zanzibar mwaka 1882, mwaka uleule aliofariki askofu wake.

Wingi wa misalaba, ngazi za madhabahu na mapambo haya huwashangaza baadhi ya wageni wa Kiprotestanti, ambao hudhani wameingia kanisa la Kikatoliki. UMCA ilikuwa ya mrengo wa Anglikana unaothamini sana sakramenti, mavazi ya ibada na ubani. Aliyeupeleka mrengo huo mbali zaidi ni Frank Weston, askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi kifo chake mwaka 1924, ambaye mwaka 1923 aliongoza kongamano kubwa la Waanglikana wa mrengo huo jijini London. Weston huyohuyo ndiye aliyeandika mwaka 1920 kupinga vikali kazi za shuruti walizotwishwa Waafrika nchini Kenya chini ya serikali ya Kiingereza. Askofu aliyekalia kiti kilichojengwa juu ya soko la watumwa hakuwa na kisingizio cha kutoiona shuruti ilipojitokeza kwa jina jingine, na inafaa kusema kwamba huyu aliiona.

Kwenye kuta kuna vibao vingi vya kumbukumbu. Vipo vya wamishonari, ambao wengi wao walifariki wakiwa vijana, na vipo vya mabaharia wa Kiingereza, wakiwamo waliokufa katika mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Anayevisoma vyote huondoka na hisia kwamba historia ya mahali hapa iliandikwa na watu wa London na Oxford. Hapo ndipo mgeni anapohitaji kuja na elimu yake mwenyewe. John Swedi, aliyekuwa miongoni mwa wavulana wa kwanza waliokabidhiwa kwa misheni baada ya kukombolewa kutoka utumwani, alipewa ushemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, akawa mwaka 1890 Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa ukasisi. Mtu aliyeuzwa kama bidhaa, kisha akasimama kubariki mkate na divai katika kizazi hichohicho: habari hiyo ina nguvu kuliko hadithi yoyote ya kutisha inayosimuliwa gizani, na ningetamani iwe ya kwanza kusikika katika kila ziara.

Nyuma ya ukumbi, karibu na birika la ubatizo, ziko nguzo fupi ambazo huwachekesha watoto wa shule. Kwa simulizi inayorudiwa tangu zamani, Steere alikuwa safarini Uingereza mafundi waliposimamisha nguzo hizo, na kwa kuwa hawakuwahi kuona nguzo za namna ile, wakaziweka kichwa chini miguu juu. Aliporudi aliziacha. Mgeni asiishie kucheka. Azitazame kwa karibu. Nguzo ya mtindo huo ina kitako kilichochongwa ili kiketi sakafuni na kichwa kilichopanuliwa ili kipokee uzito wa tao, na hapa kilichokusudiwa kuwa kitako ndicho kilichopokea uzito, ilhali kichwa kinakanyaga sakafu. Nguzo zimebaki zimesimama vilevile. Fundi wa Unguja aliyezipanga alijua sawasawa namna ya kulisimamisha jiwe lisianguke. Alichokosa ni mazoea ya urembo wa Kigiriki, na hakuna aliyekuwapo wa kumwelekeza.

Nje, mnara wenye saa umekaa ubavuni mwa kanisa. Husimuliwa kwamba saa ilikuwa zawadi ya Seyyid Barghash, na kwamba sharti lake lilikuwa mnara usizidi urefu wa Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga pwani. Sina sababu ya kulikataa simulizi hilo wala ya kuliapia. La uhakika ni kwamba sultani yuleyule aliyefungiwa soko kwa vitisho vya manowari aliishi na ujenzi huu mlangoni mwake bila kuuzuia. Ukisogea kidogo barabarani utauona mnara wa kanisa na mnara wa msikiti vikichomoza pamoja juu ya mapaa, picha ambayo imechapishwa mara nyingi kiasi cha kuchosha, lakini ambayo papo hapo bado ina lake la kusema.

Uani kuna sanamu za ukumbusho zilizotengenezwa na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, mwaka 1998: watu watano waliosimama ndani ya shimo la mstatili, shingoni wakiwa na pingu na mnyororo wa chuma. Ubora wa kazi hii uko katika urefu wa macho. Mgeni anasimama ukingoni, juu yao, mahali ambapo mnunuzi angesimama, na hawezi kuwatazama bila kuwatazama kutoka juu. Nyuso hazikuchongwa kwa kulilia huruma. Zimetulia, kila moja ikielekea upande wake, kana kwamba watu hao wamefungwa pamoja lakini hakuna anayemfahamu mwenziwe. Katika eneo lote, baada ya dari, hiki ndicho kitu ambacho ningemshauri mtu asikipite kwa haraka.

Nije sasa kwenye vyumba vya chini ya ardhi, ambavyo kwa wageni wengi ndivyo sababu ya safari. Vyumba viwili vilivyo wazi viko chini ya jengo la zamani la misheni, lijulikanalo kwa jina la Mtakatifu Monika. Ni vifupi, vyenye dari la kuinamia, vijukwaa vya mawe pande mbili, mfereji katikati na vitundu vyembamba vya hewa. Maelezo yanayosikika mara nyingi ni kwamba ndimo walimofungiwa watumwa kusubiri siku ya mnada, na hutajwa hata idadi ya wanaume, wanawake na watoto waliosongamana humo. Tatizo ni kwamba jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na lilitumika kama hospitali. Kwa sababu hiyo wako wanahistoria wanaotilia shaka kama vyumba hivi vilipata kumfungia mtumwa yeyote. Huenda vilikuwa stoo za misheni tu. Simsemi mtu aliyetokwa na machozi humo kwamba alikosea, kwani yaliyotendeka katika uwanja huu yalitosha kumliza yeyote. Nasema tu kwamba ushahidi wa utumwa wa Zanzibar umejaa katika mikataba, katika kumbukumbu za mabalozi, katika mashamba ya karafuu na katika vizazi vya watu walioko, na kuutundika wote juu ya vyumba vyenye utata ni kuupa msumari dhaifu. Ingieni, lakini msiingie kwanza, na wala msifanye hapo kuwa kilele cha ziara.

Maonesho kuhusu biashara ya utumwa ya Afrika Mashariki, yaliyofunguliwa mwaka 2016 katika jengo hilohilo, ndiyo mahali sahihi pa kuanzia. Ni vibao vya maelezo na picha, si vioo vilivyojaa vitu vya kale, na aliyezoea makumbusho makubwa huenda akayaona makavu. Kwangu ukavu huo ni sifa. Yanaeleza njia za misafara, uchumi wa karafuu na pembe za ndovu, na mikono mingi iliyohusika, bila kuliwekea kabila au dini moja mzigo wote na bila kuwageuza Waingereza kuwa malaika. Yanahitaji kusomwa kwa subira, jambo ambalo kundi lililopewa dakika chache na mwenyeji wake haliwezi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeandaa ziara ya shule au ya familia ni huu: soma maonesho kwanza, nenda kwenye sanamu, pitia vyumbani kwa muda mfupi, kisha utumie muda wote uliobaki kanisani, ukiketi kwenye benchi la katikati badala ya kuzunguka ukutani.

Hili ni kanisa linalotumika. Jumapili kuna ibada kwa Kiswahili, na siku hiyo jengo ni la waumini kabla ya kuwa la watalii. Atakayekuja kusali atakaribia zaidi lengo la Steere kuliko atakayekuja na kamera. Mavazi ya heshima yanatarajiwa, kama kwingineko Mji Mkongwe, na mwanga wa asubuhi unafaa zaidi kwa dirisha la mashariki. Anayependa kulinganisha atembee hadi Kanisa Kuu la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu, lenye minara yake miwili, lililojengwa katika miaka ya 1890 kwa ramani ya Mfaransa: ni la kifahari zaidi, limepakwa rangi zaidi, na kila kitu ndani yake kinajua kinatoka wapi. Na aliyebakiwa na nusu siku aende Mbweni, kusini mwa mji, ambako misheni hiyohiyo iliwapa makazi watu waliokombolewa, na ambako magofu ya shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria bado yamesimama bila dari kabisa.